Uchambuzi wa kisa: safari mbili za kidato cha tatu kwenda Mapango ya Amboni

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwalimu mhusika. Jina la shule, wilaya na majina ya watu vyote nimevitoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Mimi nafundisha shule nyingine mkoa huohuo, safari ya pili niliitwa kusaidia kusimamia kituo kimoja, habari za safari ya kwanza nimezipata kwa mwalimu mwenyewe na wenzake wawili, pia kwenye madaftari ya wanafunzi ambayo alikuwa bado ameyatunza. Naandika manake kila mwaka naona shule zinahangaika kuchangisha hela za safari, watoto wanaenda wanarudi, alafu ukiwauliza wamejifunza nini wanakutolea simu wakuonyeshe picha.

Mazingira ya kisa

Ni shule ya serikali ya kutwa mkoani Tanga, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari mpaka mapangoni. Kidato cha tatu kina mikondo miwili, jumla wanafunzi 90 na kidogo. Walimu wa Jiografia ni wawili, mmoja wao ana vipindi vya Historia pia, yani muda wa kukaa chini kupanga kitu ni wa kuiba iba jioni. Wazazi wengi ni wakulima wa machungwa na mihogo, wengine vibarua kwenye mkonge, wengine bodaboda na mama lishe.

Mada yenyewe ni ile ya maji yanavyofanya kazi chini ya ardhi na maumbo yanayopatikana kwenye mawe ya chokaa. Kila mwaka mwalimu anachora ubaoni pango, anachora stalaktaiti zinazoning'inia juu na stalagmaiti zinazoota chini, watoto wanachora na wao, wanakariri, mtihani ukija wanaandika. Na hii inafanyika kwa watoto ambao wako mkoa mmoja na mapango ya chokaa yanayojulikana kuliko yote nchini! Wengi wao hawajawahi kufika, wengine hata hawakujua kuwa lile neno gumu la kwenye kitabu linahusu kitu kilichopo Amboni.

Kwa msiofika, Amboni iko kama kilomita 8 kaskazini mwa mji wa Tanga. Ni miamba ya chokaa ya kipindi cha Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati sehemu ile ilikuwa chini ya bahari. Mapango yapo kadhaa ila wageni wanatembezwa kwenye moja. Mto Mkulumuzi unapita karibu. Kuna sehemu za mizimu ambako watu bado wanaenda kuomba, kuna popo, na kuna hadithi nyingi sana, ya kujificha kwa Osale Otango, yule aliyekuwa anasakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, ya mbwa aliyeingia humo akaja kuonekana mbali huko, na ile kubwa kwamba pango linatokea Mombasa. Hiyo ya Mombasa muikumbuke, itarudi.

Kitu kingine cha kuelewa ni hela. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, shule haimlazimishi mzazi kuchangia kitu, mchango ni hiari na lazima taratibu za halmashauri zifuatwe. Ni sawa kabisa na mimi naunga mkono. Ila kwenye safari inaleta jambo lake: ukisema ni hiari, anayekosa hela ndo anaonekana amechagua kubaki.

Safari ya kwanza

Ilikuwa Oktoba, na kidato cha tatu cha mwaka uliotangulia. Mchango ulikuwa 25,000 kwa mwanafunzi, ndani yake kuna basi, kiingilio, chakula cha hotelini na kupitia ufukweni jioni. Zaidi ya theluthi moja hawakwenda.

Kwenye basi mwalimu aliwaambia "mkifika muandike kila mtakachokiona." Hayo ndo yalikuwa maandalizi ya somo, mengine yote yalikuwa ya usafiri na chakula. Walipofika, wanafunzi karibu 60 wakaingia mstari mmoja na muongozaji mmoja. Pango kuna sehemu unainama, kuna sehemu mnapita mmoja mmoja, kwa hiyo muongozaji akiongea mbele, wa katikati wanasikia nusu, wa nyuma hawasikii kitu. Muongozaji alifanya kazi yake vizuri tu, alionyesha miamba yenye maumbo, hili linafanana na meli, hili na Mlima Kilimanjaro, akasimulia hadithi, watoto wakafurahi sana. Hakuna aliyemwambia kuwa hawa wamekuja kusoma nini, angejuaje? Chini ya saa moja wakawa wametoka. Ufukweni walikaa karibu saa tatu.

Jumatatu wakaambiwa waandike ripoti. Nimeyasoma yale madaftari. Karibu yote yanafanana: tuliondoka saa kumi na mbili, tulipokelewa vizuri, tuliona popo, tulifurahi, tunaushukuru uongozi wa shule. Kwenye jaribio la mwezi kulikuwa na swali la jinsi stalaktaiti inavyotokea, na mwalimu alipolinganisha, aliyekwenda na aliyebaki wameandika sentensi ileile ya kwenye notsi, wengine mpaka na kosa lilelile la kunakili ubaoni.

Ila mwalimu anasema kilichomkosesha usingizi siyo hilo jaribio. Ni binti mmoja aliyebaki kwa kukosa hela, alikuja ofisini akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu shikamoo, naomba kuuliza, vya Amboni vitatoka kwenye mtihani? Maana sisi tuliobaki tusome wapi?" Mwalimu anasema alikosa cha kumjibu.

Maamuzi kabla ya safari ya pili, na sababu zake

Mwaka uliofuata mkuu wa shule alitaka waende Mikumi, watoto waone wanyama, na wazazi wenye uwezo walishakubali. Mwalimu wa Jiografia akakataa, na hapa nampa heshima manake kumkatalia mkuu siyo jambo jepesi. Hoja yake ilikuwa mbili. Mikumi ingegharimu zaidi kwa hiyo wangebaki wengi zaidi, alafu hakukuwa na mada ya kidato cha tatu inayokaa vizuri pale kuliko Amboni na ile mada ya chokaa. Mkuu akasema sawa, ila nionyeshe safari hii itakuwa tofauti na ile. Ndo akakaa na mwenzake na mwalimu wa Kemia wakapanga upya.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanza na jiwe kabla ya gari. Wiki mbili kabla, wanafunzi waliambiwa waje na mawe kutoka nyumbani. Yakaja ya kila aina, wengine wana ndugu pwani wakaleta vipande vya matumbawe yale ya kujengea, wengine mawe magumu yanayoshuka na mto kutoka Usambara, mmoja akaleta kipande cha tofali la saruji. Kwenye maabara wakayadondoshea ndimu na siki, baadaye mwalimu wa Kemia akadondosha asidi ya maabara iliyozimuliwa, yeye mwenyewe. Matumbawe yakatoa povu, la Usambara kimya. Tofali likatoa povu kidogo na hapo fujo ikaanza, kwa nini? Mpaka mmoja akasema saruji inatengenezwa na mawe ya chokaa, si ndo maana kiwanda kipo Pongwe? Sasa hicho kipindi hakikugharimu kitu zaidi ya ndimu, na kila mtoto alikuwepo, mwenye hela na asiye nayo.

Kutoka kwenye lile povu mwalimu ndo akaingiza maelezo: mvua ikinyesha maji yanachukua hewa ya ukaa angani, yakipita kwenye udongo yanachukua nyingine zaidi, yanakuwa na uchachu mdogo sana, hafifu kuliko ndimu kwa mbali, lakini yakipewa maelfu ya miaka yanayeyusha mwamba. Na tone likifika kwenye dari ya pango ile hewa inatoka, chokaa inashindwa kukaa ndani ya maji, inabaki pale juu. Wanafunzi wengi (na walimu wengine, tuseme ukweli) wanadhani maji yanakauka tu ndo jiwe linabaki. Kwenye pango lenye unyevunyevu mwingi maji hayakauki kirahisi, kinachofanya kazi kubwa ni ile hewa kutoka.

Uamuzi wa pili, maswali yatoke kwao. Kila kundi la wanafunzi sita liliandika maswali, yakabandikwa ukutani, darasa zima likachagua yale yanayoweza kujibiwa kwa kupima au kuangalia. Yakabaki machache. Matone yanadondoka kwa kasi gani, na mlangoni na ndani ni sawa? Ndani kuna joto kiasi gani ukilinganisha na nje? Mto unaenda kasi gani, na kwa nini uko karibu na mapango? Na swali moja la kijana wa nyuma kabisa: pango linafika kweli Mombasa?

Walimu wengine walitaka hilo la Mombasa litolewe, eti siyo la kitaaluma. Mwalimu akaling'ang'ania libaki. Sababu yake ni kwamba ndo swali pekee ambalo kila mtoto darasani alikuwa na msimamo nalo kabla hajatoka nyumbani.

Uamuzi wa tatu ni hela, na huu ndo ulichukua vikao vingi. Waliondoa chakula cha hotelini na ufukwe, kila mtu aje na chakula cha nyumbani, viazi, maandazi, mihogo, chochote. Badala ya basi kubwa wakakodi Kosta mbili ndogo, Jumamosi mbili, mkondo mmoja kila Jumamosi. Mzazi mmoja mwenye gari akapunguza bei, bodi ya shule ikatoa sehemu kidogo, alafu mchango ukashuka mpaka 8,000 na ikaelezwa kwenye kikao cha wazazi kuwa atakayeshindwa mtoto wake atakwenda hivohivo na jina lake halitasomwa popote. Mwalimu wa malezi peke yake ndo alikuwa na orodha. Taratibu zikafuatwa, kibali cha halmashauri kikaombwa mapema, barua za wazazi zikasainiwa.

Kwenye hicho kikao baba mmoja alisimama akasema hawezi kuruhusu mwanae apande gari la shule, akakumbusha ajali ya Karatu ya Mei 2017 iliyoua wanafunzi 32. Ukumbi ulinyamaza. Mkuu hakumpinga. Alisema hofu yake ni ya kweli na akaeleza walichopanga: hakuna kusimama kwenye gari, kila mtoto na siti yake, gari likaguliwe na trafiki siku moja kabla, hakuna kusafiri kabla ya jua kutoka wala baada ya kuzama, na mzazi yeyote anayetaka kwenda na gari anakaribishwa. Yule baba akaenda yeye mwenyewe Jumamosi ya kwanza, akakaa siti ya nyuma ya dereva.

Nne, mwalimu alitangulia peke yake kukagua, akaongea na muongozaji. Hiki ni kitu kidogo lakini kilibadilisha siku nzima. Alimwonyesha yale maswali, muongozaji akafurahi kuliko alivyotegemea, akamwambia wageni wa shule huwa wanakuja hawana swali, akaonyesha sehemu salama ambapo matone yanadondoka na mtu anaweza kusimama akahesabu, akasema pia sehemu za mizimu wanafunzi waingie kwa heshima, wasiguse vitu vya watu. Na walikubaliana kabisa kuwa hakuna jiwe litakalovunjwa wala asidi itakayoingia humo. Stalaktaiti inaongezeka kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, ukivunja kipande cha kidole umevunja karne.

Mwezi ukachaguliwa wa saba. Masika Mkulumuzi unajaa, hatari, na kiangazi kikali matone yanapungua. Mwezi wa saba ni katikati, siyo bora kwa lolote lakini unatosha kwa yote.

Siku yenyewe

Mimi nilikuwepo Jumamosi ya kwanza. Vituo vilikuwa vitatu na makundi yakazunguka: ndani ya pango na muongozaji, ukingoni mwa mto na mimi, na nje ya mlango wa pango kuchora mwamba na ramani ya eneo kwa hatua na dira. Ndani hawakuzidi 16 kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu alisikia.

Kituo cha mto tulipima mita 10 ukingoni kwa kamba, tukarusha chungwa juu, tukahesabu muda mpaka lifike chini, hamna kuingia majini, kila kundi mara tatu. Chungwa zuri kwa kazi hii, linaelea, linaonekana, na Tanga halikosekani. Kundi moja chungwa lao la pili likanasa kwenye mizizi, muda ukawa mrefu mno. Wakaanza kubishana, mmoja anataka kufuta namba, mwenzake anasema ukifuta unadanganya, wa tatu anasema andika lakini eleza. Nilikaa kimya. Walibishana kama dakika kumi wakaamua kuandika zote nne, pamoja na ile waliyorudia, na maelezo pembeni ya kilichotokea. Nimefundisha mada ya utafiti miaka mingi ubaoni na sijawahi kupata mjadala wa uaminifu wa data uliofikia ule. Baadaye nikawaambia kasi ya juu ya maji siyo kasi ya mto mzima, wapimaji huizidisha kwa kama 0.85 kupata wastani, wakauliza kwa nini, tukarudi kuangalia jinsi maji yanavyosuguana na kingo na chini.

Ndani ya pango, nilivyosimuliwa na mwenzangu, kundi la kwanza lilihesabu matone sehemu mbili, moja inadondoka mfululizo, nyingine inachukua muda mrefu. Alafu wakakuta stalaktaiti kubwa kavu kabisa. Binti mmoja akauliza, hii imeshamaliza? Muongozaji akasema masika huwa inalowa. Basi wakaanza wenyewe, kwa hiyo tungekuja mwezi wa nne tungepata namba nyingine, kwa hiyo namba zetu ni za mwezi wa saba tu. Iliandikwa hivohivo kwenye daftari la kundi: "hizi ni za Julai."

Kwenye Mombasa sasa. Muongozaji alisimulia hadithi yote, vizuri, na ya mbwa pia. Alafu mwalimu akaeleza kuwa mwaka 1994 wataalamu wa Ujerumani na Uturuki walipima mapango 10 ya pale, na refu kuliko yote walipata kama mita 900. Kijana mwenye swali akauliza, walipima na zile sehemu zilizoziba? Mwalimu akasema swali zuri, ungewauliza walipimaje. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuna aliyecheka hadithi ya wazee. Mwalimu aliwauliza, kwa nini watu waliamini hivyo? Wakatoa majibu mazuri tu, pango halionekani mwisho, pwani hii na ya Mombasa ni ndugu moja, watu wana jamaa pande zote mbili za mpaka.

Binti mmoja alifika mlangoni akaishiwa nguvu, akasema hawezi kuingia penye giza. Hakulazimishwa. Akapewa themometa ya nje, akawa anasoma kila robo saa, na namba zake ndo zilionyesha nje joto linapanda asubuhi yote wakati ndani lilikuwa halitikisiki sana.

Na kulikuwa na mwanafunzi anayetembea kwa magongo. Pango hilo hawezi kuingia mbali, njia ni ya mawe na kuinama. Yeye alipangiwa kituo cha nje na kutunza muda wa makundi yote. Nitarudi kwa huyu.

Matokeo

Jumapili walipumzika, Jumatatu vipindi viwili vya Jiografia vilitumika kuweka namba zote kwenye jedwali moja kubwa la manila ukutani. Mkondo wa pili waliokuwa bado hawajaenda walikuja kulisoma wakati wa mapumziko, wakawahoji wenzao, na walipokwenda wao waliongeza kituo kimoja cha matone ndani zaidi kwa sababu wenzao waliwaambia zile sehemu mbili hazitoshi. Hilo halikupangwa na mwalimu.

Wanafunzi wote walikwenda isipokuwa watatu, wawili walikuwa wagonjwa na mmoja familia ilikuwa na msiba. Jaribio la mwezi lilikuwa na swali lilelile la mwaka uliotangulia kwa makusudi. Majibu hayakufanana tena. Wengi waliandika habari ya hewa kutoka kwenye tone, wengine wakatumia mfano wa ndimu na tumbawe, na wengine waliandika vibaya lakini kwa maneno yao wenyewe, ambayo kwa mwalimu ni rahisi zaidi kurekebisha kuliko sentensi iliyokaririwa.

Ripoti za makundi ndo zilikwama. Makundi mengi hayakumaliza. Ikaingia mitihani ya ujirani mwema, ile inayofanywa pamoja na shule za jirani, vipindi vikafutwa, na wiki ya tatu moto ulikuwa umeshapoa, kuna kundi lilipoteza daftari kabisa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwa maoni yangu, safari ya pili ilifaulu kabla ya gari kuwashwa. Ukiondoa kile kipindi cha mawe na ndimu na yale maswali ukutani, Amboni inabaki ileile, muongozaji yuleyule, popo walewale. Mtoto aliyeingia pangoni akiwa anatafuta kasi ya matone anayaona matone. Aliyeambiwa aandike kila anachokiona anaandika popo, manake popo ndo wanaomjia usoni.

Kupunguza gharama kulifanya kazi ya kitaaluma pia, siyo ya huruma tu. Darasa lote likiwa na jambo moja la pamoja, mwalimu anaweza kurudi kwenye lile jambo kila wiki: "mnakumbuka lile kavu?" Safari ya kwanza hakuweza kusema hivyo bila kuwaumiza waliobaki, kwa hiyo alikuwa anaikwepa kabisa darasani, hela yote ile ikaishia kwenye picha. Kutoa chakula cha hotelini watoto wala hawakulalamika, walibadilishana maandazi na mihogo na siku ikawa nzuri.

Makundi madogo ndani ya pango, hilo halihitaji maelezo marefu. Na simu: kila kundi iliruhusiwa moja tu, ya kundi, na picha ipigwe baada ya kipimo kuandikwa.

Kumruhusu yule baba mwenye hofu apande gari kulituliza wazazi kuliko barua yoyote. Aliporudi alisimulia mtaani, na Jumamosi ya pili hakuna aliyeuliza tena habari ya gari.

Kilichokwama, na kwa nini

Ripoti kwanza. Walimu walipanga siku ya safari kwa dakika lakini baada ya Jumatatu hakukuwa na kitu kwenye ratiba. Nadhani ripoti ingeandikwa wiki ileile, fupi, ukurasa mmoja kwa kundi, ingetoka. Kuna na suala la Kiingereza. Pangoni wote waliongea na kuandika Kiswahili na mawazo yalikuwa yanatiririka, ilipofika ripoti wakaambiwa moja kwa moja Kiingereza kwa sababu mtihani ni Kiingereza, na watoto waliokuwa wanabishana vizuri mtoni wakakaa kimya. Ingekuwa bora waandike kwanza Kiswahili, wakubaliane walichogundua, alafu mwalimu awasaidie kukipeleka kwenye Kiingereza cha mtihani. Kufanya vyote viwili kwa mkupuo ndo kulizima makundi mengi.

Pili, yule mwanafunzi wa magongo. Kwenye karatasi alikuwa na jukumu, na alilifanya vizuri mno, makundi hayakuchelewa hata kidogo. Lakini nilipoongea naye wakati wa kula aliniambia, "Mwalimu, mimi nimejua saa ngapi kila mtu ameingia, ila kilichopo ndani sijakijua." Inauma kwa sababu ni kweli. Kutunza muda ni kazi ya kusaidia wengine wajifunze. Walimu walifikiria usalama wake, ambao ni sahihi, wakaishia hapo. Kulikuwa na uwezekano: sehemu ya mwanzo ya pango inafikika kwa msaada wa watu wawili, angeweza kupima joto na mwanga pale, au kundi lake lingemletea video ya sehemu moja ya matone yeye akahesabu na kulinganisha na walichohesabu wenzake, hapo angekuwa ndo mkaguzi wa data yao. Swali la kuuliza wakati wa kupanga lilikuwa "huyu atajifunza nini," likaulizwa "huyu tutamuweka wapi."

Tatu, hakuna mwalimu wa Historia aliyehusishwa, na pale kuna mambo ya Osale Otango, kuna mizimu, kuna habari ya kampuni za mkonge zilizomiliki maeneo yale. Watoto waliuliza maswali ya historia njia nzima na hakukuwa na wa kuyapokea.

Na kuna jambo sijui kama niliite kosa. Maandalizi yote yalibebwa na mwalimu mmoja, jioni na wikiendi, bila posho, na nauli ya kwenda kukagua alitoa mfukoni. Akihamishwa kesho sidhani kama shule itaweza kurudia.

Walipofikia sasa

Maswali, fomu za vituo, barua ya wazazi na mchanganuo wa gharama vimewekwa kwenye faili moja ofisi ya taaluma, mwalimu wa pili ndo anaongoza safari ijayo na wa kwanza anakaa pembeni kumsaidia. Ripoti imeingizwa kwenye ratiba, vipindi viwili, Jumatano ya wiki ileile. Nauli ya mwalimu kwenda kukagua imeombwa kwenye bajeti ya shule, jibu bado. Mwalimu wa Historia amekubali kuingia, na anataka Jumamosi moja igeuzwe ya Tongoni, kule kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale kusini mwa mji, ambako njia ni tambarare zaidi. Yule kijana wa magongo sasa yuko kidato cha nne, ameombwa akae kwenye kamati ya maandalizi, na kitu cha kwanza alichodai ni apelekwe na walimu siku ya ukaguzi, aone mwenyewe mlango wa pango unaingilika mpaka wapi.